Herufi Tano Ubavuni mwa Ndege

Katika picha nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1920 na 1930, ndege husimama katikati na watu husimama pembeni. Rubani ameegemea bawa, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Kando yake wapo vijana wa kazi, mmoja kashika kamba, mwingine kabeba debe la petroli, na nyuma yao watoto na akina mama waliotoka mashambani kuja kuona eropleni. Ukiigeuza picha, mara nyingi hukuti kitu. Ukibahatika, utakuta maneno mawili matatu ya wino uliofifia: jina la mji, pengine jina la mzungu mwenye ndege. Mwaka haupo. Majina ya waliosimama pembeni hayapo. Anayeirithi picha hiyo hubaki na neno moja tu la kuielezea, "zamani", na zamani haina tarehe.

Wapo watu duniani waliojitolea kuzirudishia picha kama hizo tarehe na mahali pake kupitia ndege zilizomo. Hushughulika zaidi na ndege za kiraia za kipindi kilicho kati ya vita viwili vikuu, 1919 hadi 1939, na hasa zile adimu: zilizotengenezwa tatu, nne au kumi na moja, zikaruka miaka michache, kisha zikaanguka, zikaungua au zikauzwa kama vyuma chakavu. Wengi huiona kazi hii kuwa mchezo wa wastaafu. Mimi naihesabu kuwa tawi halali la historia, na nina sababu. Ndege adimu ni shahidi bora kuliko ndege ya kawaida, na ushahidi wake unawahusu pia wale waliosimama pembeni, ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao.

Chukua kwanza ndege ya kawaida. De Havilland Moth, ndege ndogo ya viti viwili yenye mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini, iliruka mara ya kwanza 1925, ikauzwa kila pembe ya dunia. Katika Kenya ya walowezi ilitumiwa na wawindaji, wafanyabiashara na wabeba barua. Ukikuta Moth kwenye picha na hakuna kingine cha kukusaidia, umeambiwa kidogo sana: ni 1925 au baadaye, mahali popote penye uwanja uliofyekwa nyasi.

Sasa chukua DH.51, ndege iliyotangulia Moth kutoka kiwanda hichohicho. Ilitoka 1924, ikaja kufungwa injini ya Airdisco ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na zilitengenezwa tatu tu. Moja ilibaki Uingereza, moja iliishia Australia, na ya tatu ililetwa Kenya kwa meli na mlowezi John Carberry, ikaja kupewa jina la Miss Kenya. Kwa hiyo DH.51 yoyote utakayoiona imepigwa picha chini ya jua la Afrika ni hiyohiyo moja. Na kwa kuwa herufi zake zilibadilika, kwanza G-EBIR, kisha G-KAA kama ndege ya kwanza katika daftari la usajili la Kenya, kisha VP-KAA kuanzia 1929, picha inayoonyesha ubavu wake inakwambia imepigwa katika awamu ipi. Ndege hiyo ingali hai. Ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, ikakarabatiwa, na leo inatunzwa Old Warden katika mkusanyiko wa Shuttleworth, ambako huruka bado. Uhaba wake ndio unaoipa kauli nzito. Kitu kilichokuwa kila mahali hakiwezi kusema kilikuwa wapi; kilichokuwa mahali pamoja kinaweza.

Njia nyepesi ya kuitambua ndege ni kusoma herufi zake. Mkataba wa Paris wa 1919 uliweka utaratibu wa kila nchi kuwa na alama yake, na kila ndege kubeba alama hiyo pamoja na herufi zake yenyewe ubavuni na kwenye mabawa. Uingereza ilipewa G, Ufaransa F, Italia I. Baada ya mkutano wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927, alama nyingi zilipangwa upya na makoloni yakapata zake: VP-K kwa Kenya, VP-U kwa Uganda, VR-T kwa Tanganyika. Baada ya uhuru zikaja 5Y, 5X na 5H, ambazo abiria wa leo huziona ubavuni mwa ndege anayoipanda. Uholanzi iliacha H-N ikachukua PH. Ndege za Ujerumani zilibeba herufi D na tarakimu hadi 1934, kisha tarakimu zikaachwa zikaja herufi tupu. Za Uswisi zilibeba CH na tarakimu hadi katikati ya miaka ya 1930, ndipo ikaja HB. Anayezijua tarehe hizo husoma ubavu wa ndege na kupata miaka ambayo picha haiwezi kuwa nje yake.

Ndiyo maana picha za Walter Mittelholzer zina thamani kubwa kwetu. Mswisi huyu alikuwa rubani na mpigapicha kwa pamoja. Kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 alisafiri kutoka Zürich hadi Cape Town kwa Dornier Merkur iliyofungwa maboya badala ya magurudumu, namba yake CH-171, ikishuka kwenye mto Nile na katika maziwa makuu. Miaka michache baadaye alirudi na Fokker ya injini tatu, akapita juu ya Serengeti na kuipiga picha Kilimanjaro kutoka angani. Maktaba ya chuo cha ETH mjini Zürich imezihifadhi picha zake na kuziweka wazi kwa umma. Humo mna vijiji, fukwe, masoko na watu wa Afrika Mashariki, na penye bawa au boya pembeni ya picha, ndege yenyewe inathibitisha safari na mwaka.

Hata hivyo, herufi hutaja nyumbani kwa ndege na hazitaji ndege ilipo. Septemba 1936 Beryl Markham, rubani aliyelelewa Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Mafuta yalikatika njiani, na ndege yake, Percival Vega Gull, ikaishia na pua ndani ya tope huko Nova Scotia, Kanada. Anayeiona picha ya ajali ile na kusoma VP-KCC, asipojua habari, ataapa kwamba ni kinamasi cha Kenya. Ardhi, mimea, mavazi ya waliokuja kutazama, vyote lazima vihojiwe pamoja na herufi, na shahidi mmoja asiachiwe kutoa hukumu.

Mara nyingi herufi hazionekani kabisa. Mtu amesimama mbele yake, au picha imekatwa, au jua limezifuta. Hapo hubaki umbo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kazi hii inamtaka mwenye macho aambiwe atazame nini. Mabaharia wa Lamu na Mombasa waliweza kukitaja chombo kingali mbali kwa omo na tezi yake, hili jahazi, lile sambuku, lile bedeni, kwa sababu walijua mahali pa kuelekeza jicho. Kwenye ndege, jicho huelekezwa kwenye ncha za mabawa, umbo la mkia, idadi ya nguzo zinazoshikanisha bawa la juu na la chini, namna miguu ya magurudumu ilivyokunjwa au kufunikwa, na zaidi ya yote, injini.

Mfano mzuri uko Nairobi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake limebaki kwenye uwanja wa Wilson hadi leo. Miongoni mwa ndege zake za mwanzo ilikuwamo Avro Five, yenye bawa moja juu na injini tatu, moja puani na mbili chini ya bawa. Zilitengenezwa nne tu. Shida ni kwamba Avro Five ilikuwa na kaka mkubwa, Avro Ten, na wote wawili walitokana na Fokker F.VII ya Uholanzi. Ukiwaona kwa haraka ni watu wa nyumba moja. Mtambuzi hahangaiki na sura, anahesabu silinda. Injini za Avro Five, Armstrong Siddeley Genet Major, zilikuwa na silinda tano zilizopangwa kama nyota. Za Avro Ten, aina ya Lynx, zilikuwa na saba. Fokker nyingi zilifungwa Wright Whirlwind zenye tisa. Tano, saba, tisa: kwa lenzi ya kukuzia na subira, picha iliyoandikwa "ndege ya injini tatu" inageuka kuwa picha ya mojawapo ya ndege nne duniani, na kama imepigwa Afrika Mashariki, inakuwa ya kampuni moja, katika miaka michache inayojulikana.

Picha nayo ina hila zake, na mtambuzi mwaminifu huzijua kabla ya kusema neno. Filamu na sahani za kioo za wakati ule, nyingi hazikuiona rangi nyekundu. Kilichopakwa rangi nyekundu kilitoka karibu cheusi, na buluu ya anga ilitoka nyeupe. Kwa hiyo ndege inayoonekana nyeusi kwenye picha huenda ilikuwa nyekundu kama damu, na anayetangaza rangi kwa kutazama picha ya weusi na weupe anabahatisha. Tena negativu huweza kugeuzwa wakati wa kusafisha picha, kushoto kukawa kulia. Herufi zikionekana, utaligundua kosa mara moja. Zisipoonekana, tafuta mfuko wa koti la rubani. Mfuko wa kifuani hushonwa kushoto, na ukiuona kulia, picha imegeuzwa. Jambo dogo namna hiyo huokoa hoja nzima.

Yapo pia maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Mara nyingi huandikwa miaka mingi baadaye, na mtu anayekumbuka vibaya au ambaye hakuwapo. Herufi alizopaka fundi ubavuni zilikuwapo siku ile. Maelezo ya albamu huenda hayakuwapo. Vikigombana, ubavu wa ndege ndio unaostahili kuaminiwa kwanza. Anayesoma magazeti yetu, vitabu vyetu vya shule na mitandao yetu, ambako picha moja hupewa miji mitatu na miaka minne tofauti, anajua jinsi kanuni hii inavyohitajika.

Ndege nyingine zilijitangaza zenyewe. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas waliotengeneza filamu za wanyama, walikuja Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na ndege mbili za Sikorsky ziwezazo kutua majini na nchi kavu. Kubwa, S-38, waliipaka milia ya punda milia. Ndogo, S-39, waliipaka madoa ya twiga. Picha ya yeyote aliyesimama kando ya milia ile imepigwa katika safari hiyo ya 1933 na 1934, bila shaka nyingi. Lakini hata hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu miaka ya karibuni ilitengenezwa nakala ya S-38 na kupakwa milia ileile. Vivyo hivyo kwa ndege ya njano ya filamu ya 1985 inayoitwa Out of Africa: ni Moth yenye herufi G-AAMY, na ile ya mwindaji Denys Finch Hatton inayoigizwa humo ilikuwa G-ABAK. Mtu akikuletea picha ya ndege ya njano akasema ndiyo ya Finch Hatton, soma herufi.

Utajiri mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, uko kwenye njia kuu ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kwa sababu pale ndege zilipokezana kwa zamu, na kila zamu ni ukurasa wa kalenda. Tarehe 28 Februari 1931 barua za kwanza za huduma ya kawaida ziliondoka London kuja Afrika Mashariki, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Ziwa Viktoria lilihudumiwa na Short Calcutta, ndege ya majini yenye injini tatu kati ya mabawa mawili, ambazo zilitengenezwa saba. Moja, City of Khartoum, ilianguka baharini karibu na Aleksandria tarehe 31 Desemba 1935, kwa hiyo picha yake yoyote ni ya kabla ya usiku huo. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, ikitumia De Havilland Hercules ya mabawa mawili na injini tatu, ambazo zilitengenezwa 11. Mwaka 1933 ikaingia Atalanta, yenye bawa moja juu na injini nne, nazo zilikuwa 8. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za majini za Short Empire, na njia kuu ikahamia pwani baada ya Kisumu: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi.

Tazama sasa maana yake kwa familia. Una picha ya babu akiwa mtoto wa miaka kama kumi, uwanjani Mbeya, mbele ya ndege. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alisema alizaliwa "wakati wa njaa" au "baada ya vita vya Mjerumani". Ukiitambua ndege kuwa Hercules, ni vigumu picha iwe ya kabla ya 1932. Ukiitambua kuwa Atalanta, babu alizaliwa mwaka 1923 au karibu na hapo, au baadaye. Kama picha ni ya Lindi na chombo kinaelea kwenye maji kikiwa na injini nne na tumbo kama la meli, uko 1937 au baada yake. Mashine iliyojengwa kubeba barua za serikali na abiria wenye fedha, bila kukusudia, ilimwandikia mtoto wa Mbeya mwaka wake. Kwa watu ambao dola ya wakati ule haikuona sababu ya kuwasajili mmoja mmoja, hii ni hazina, na inapatikana kwa lenzi ya kukuzia na vitabu vya usajili.

Hakuna mahali ambapo jambo hili liko wazi zaidi kuliko mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya wakati huo wa Wabelgiji. Tarehe 14 Machi 1939, Corsair, mojawapo ya ndege za Short Empire, herufi zake G-ADVB, ilipotea njia ikitoka Port Bell, Uganda. Mafuta yakaisha, rubani akaishusha mtoni, ikatobolewa na jiwe. Ikatengenezwa palepale. Jaribio la kwanza la kuruka likaharibika, ikatobolewa tena. Vita vilipoanza Ulaya ndege kubwa zilikuwa haba mno kuachwa porini, kwa hiyo mto ukajengewa bwawa ili maji yapande na yawe na urefu wa kutosha, na Januari 1940 Corsair ikaruka. Kambi ya waliofanya kazi hiyo ikaja kuitwa Corsairville.

Mtu yeyote anayeonekana kwenye picha ya ndege ile ikiwa juu ya mto ule alisimama hapo kati ya Machi 1939 na Januari 1940. Ni miezi kumi, na mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye ramani. Wanahistoria wangapi wa Kongo, Uganda au Tanganyika wana ushahidi finyu na wa hakika namna hiyo kuhusu vibarua wa kikoloni? Waliobeba mawe na kupiga nguzo za bwawa walikuwa watu wa vijiji vya jirani, na pengine wajukuu wao wako Faradje leo. Herufi tano za ndege zimefanya sehemu ya kwanza ya kazi: zimetoa kipindi na mahali. Sehemu ya pili, ya kwenda na picha mkononi na kuuliza "huyu ni nani?", haihitaji ujuzi wa injini. Inahitaji mtu wa lugha ya pale, mwenye heshima na subira ya kukaa na wazee.

Na tusijidanganye kwamba sehemu hiyo ya pili itajitokeza yenyewe. Tarehe 14 Mei 1931 Finch Hatton aliruka kutoka Voi na ndege yake ikaanguka muda mfupi baadaye, ikawaka moto. Alikufa pamoja na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa akimtumikia. Kuhusu ndege tunajua aina, kiwanda na herufi zote. Kuhusu Finch Hatton kuna vitabu, filamu, na kaburi lenye mnara kwenye vilima vya Ngong. Kuhusu Kamau tumebakiwa na jina moja, ambalo Kenya nzima wanalo maelfu. Uangalifu ule uliotumika kuhifadhi herufi G-ABAK ulikuwapo siku ile ile, katika nchi ile ile, lakini haukuelekezwa kwake. Sitaki uangalifu huo upunguzwe kwa ndege. Nataka uenezwe kwa watu, kwa kanuni zilezile: angalia kwa makini, linganisha, usiamini maelezo ya chini ya picha bila kuyapima, na usiandike usichokiona.

Siku hizi kanuni hizo zina adui mpya. Programu za simu hupaka rangi picha za kale kwa sekunde chache, zikichagua rangi kwa kubahatisha, na picha hiyo husambaa kana kwamba mtu aliiona siku ile. Nyingine hutengeneza picha ambazo hazikuwahi kupigwa: uwanja wa zamani, rubani, watoto, ndege ya mabawa mawili. Aliyezoea kazi ya utambuzi hushuku haraka. Waya zinazoshikilia mabawa hazifiki popote, silinda hazina hesabu, herufi ubavuni hazipatani na nchi yoyote. Jicho lililofunzwa kwenye ndege litakuwa miongoni mwa walinzi wa kumbukumbu zetu, maana picha ya uongo ya Dodoma ya 1932 leo itakuwa kielelezo cha kitabu cha shule kesho.

Mwenye kuuliza kama ndege moja ya zamani inastahili juhudi yote hii na atazame Ethiopia. Mwaka 1935 mafundi wa Kiethiopia, wakiwa na mhandisi Mjerumani Ludwig Weber, walijenga ndege ndogo nchini mwao, ikaitwa Tsehay, jina la binti wa Mfalme Haile Selassie. Italia ilipoivamia nchi, ndege ikachukuliwa, na kwa miongo mingi ikakaa katika jumba la makumbusho la Vigna di Valle, karibu na Roma. Kwa mtalii asiyejua, ilikuwa ndege ndogo nyekundu miongoni mwa nyingi. Kwa Waethiopia ilikuwa na jina, mwaka, na mikono iliyoijenga, na Januari 2024 Italia iliirudisha. Kisichotajwa hakidaiwi. Iliwezekana kuidai kwa sababu ilijulikana ni ipi.

Nyumba nyingi za pwani na bara zina bahasha au sanduku la bati lenye picha za aina hii, na unyevu wa hewa unazila kila mwaka. Mwenye sanduku hilo nimwombe mambo machache. Usikate kingo za picha ili itoshee kwenye fremu, kwa kuwa herufi mara nyingi ziko ukingoni. Usiibandike kwa gundi, kwa kuwa muhuri wa studio nyuma yake ni ushahidi. Ipige nakala pande zote mbili, mbele na nyuma, na nakala moja uipeleke kwenye nyaraka za taifa, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar. Ndege usiyoijua iache. Wapo watakaoitambua hata miaka 50 ijayo, kwa sababu vitabu vya usajili vipo na vitaendelea kuwapo. Wazee hawana daftari la kusubiri. Kaa nao wiki hii, uwaonyeshe picha, na kwa penseli laini uandike nyuma yake majina ya watu waliosimama pembeni, jina la aliyekutajia, na tarehe aliyokutajia.